Kompyuta inayojituma: maswali ya wasomaji wa Bukavu

Barua za safari hii zimetoka mitaa mbalimbali ya Bukavu, na karibu zote zinalalamikia jambo moja: kompyuta kushughulika na kazi ambayo mwenyewe hakuiagiza. Majina ya menyu tumeyaacha kwa Kifaransa, kwa sababu ndivyo yanavyosomeka kwenye mashine nyingi za mjini.

Nina duka la kuchapa na kufotokopi pale Nyawera. Kompyuta ya mezani ni ya mtumba: Windows 10, memori giga 4, diski giga 500. Nikiiwasha saa mbili asubuhi inakuwa nzito hadi karibu saa nne. Word inafunguka kwa shida huku wateja wamepanga foleni. Kijana mmoja anasema atanizimia kila kitu kinachojiendesha chenyewe. Nimruhusu?
*Mama wa Nyawera*

Usimruhusu, Mama. Kuna vitu viwili vitatu vya kubadilisha, lakini, ukiacha kimoja, si hivyo anavyotaka kuzima.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kazi za usafi wa mfumo zilikusanywa chini ya ratiba moja, ambayo kwenye Windows 10 ni kila siku saa nane usiku, kwa muda usiozidi saa moja, mradi mashine iko kwenye umeme na hakuna anayeigusa. Humo mna ukaguzi wa virusi, kupanga upya diski, kufuta mafaili ya muda, kuondoa mabaki ya masasisho ya zamani na kuchunguza hitilafu. Aliyepanga ratiba hiyo alimfikiria mtu ambaye kompyuta yake inalala kwenye umeme. Duka lako linafungwa jioni na swichi inashushwa. Hata isiposhushwa, nani atakuhakikishia umeme wa saa nane usiku? Basi saa hiyo inapita mashine ikiwa imezimwa. Kazi iliyokosa saa yake haifutwi, inakuwa kiporo, na kiporo hicho kinapashwa moto asubuhi mbele ya wateja.

Windows haijui kwamba asubuhi ni saa ya biashara. Inachoangalia ni kama kipanya na kibodi vimetulia kwa dakika chache. Unainuka kumkatia mtu karatasi, inadhani umeondoka, inaanza. Ukirudi na kugusa kipanya, kazi nyingi za usafi husimama, ila si zote zinaachia papo hapo, na kusakinisha masasisho hakuko chini ya sharti hilo kabisa.

Hapo ndipo diski inapokwama. Giga 500 kwenye mashine ya mtumba karibu kila mara ni diski ya kuzunguka. Vichwa vyake vya kusomea huhama pamoja, na kila ombi la mahali papya hugharimu kama milisekunde kumi, yaani maombi mia moja hivi kwa sekunde. SSD ya kawaida, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, hujibu makumi ya maelfu. Mkaguzi wa virusi akisoma mafaili elfu kumi, mtengeneza faharasa akisoma mengine, na Word ikijaribu kufunguka katikati yao, hakuna atakayekwenda mbio. Ndiyo maana prosesa inaweza kuonyesha asilimia 10 tu huku diski ikiwa 100.

Kesho asubuhi, kabla ya kubadilisha chochote, bonyeza Ctrl+Shift+Esc. Kwenye «Gestionnaire des tâches» chagua «Plus de détails», kisha bofya neno «Disque» juu ya safu yake ili walaji wakubwa wapande juu. Ukitaka jina la faili lenyewe, fungua kichupo cha «Détails». MsMpEng.exe ni mlinzi wa virusi, Defender. SearchIndexer.exe ni faharasa ya kutafutia mafaili. TiWorker.exe inasakinisha masasisho au kusafisha mabaki yake. CompatTelRunner.exe inakusanya taarifa za kuitumia Microsoft. Andika ni yupi anaongoza siku tatu mfululizo. Dawa hutegemea jina hilo.

Sasa ihamishe ile saa. Ingia «Panneau de configuration», «Système et sécurité», «Sécurité et maintenance», fungua sehemu ya «Maintenance», halafu «Modifier les paramètres de maintenance». Weka 13:00, yaani saa saba mchana, kama ndiyo saa duka linapopoa. Angalia usije ukaweka 7:00 kwa kufuata saa zetu. Kile kisanduku cha kuruhusu mashine iamshwe hakikusaidii: kinaiamsha iliyolala, si iliyozimwa. Kuondoa kiporo kilichokwisha kurundikana, siku moja ambayo umeme umetulia bofya «Démarrer la maintenance» kwenye ukurasa huohuo na uiache. Ukiianzisha kwa mkono haikusubiri uondoke, na mara ya kwanza inaweza kupita saa moja.

Jambo la pili ni namna unavyozima. Kwenye Windows 8 na zilizofuata, «Arrêter» haizimi kila kitu kama «Démarrage rapide» imewashwa: kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kesho yake. Kwa hiyo sasisho linalosubiri mashine ianze upya linaweza kusubiri wiki nzima, na TiWorker inarudi kila asubuhi kuuliza. Mara moja kwa wiki, saa moja kabla ya kufunga, chagua «Redémarrer» badala ya «Arrêter».

Tazama na saa ya kompyuta. Mashine ya mezani inayochomolewa kila jioni hula betri ndogo ya kwenye ubao mama, CR2032 ya volti 3. Ikiisha, kila ukiwasha tarehe inarudi miaka nyuma. Tovuti salama zinakataa kufunguka, masasisho yanashindikana, na ratiba zote zinachanganyikiwa. Betri hiyo hubadilishwa kwa dakika tano, umeme ukiwa umechomolewa. Ukanda wa saa uwe ule ulioandikwa (UTC+02:00) Harare, Pretoria. Mafundi wengine huweka saa ya Kinshasa kwa mazoea, nayo iko nyuma yetu kwa saa moja.

Katika vyote anavyotaka kuzima yule kijana, kimoja tunakikubali kwa majaribio: SysMain. Kazi yake ni kutabiri programu utakazofungua na kuzipakia mapema, na kwenye giga 4 na diski ya kuzunguka mara nyingine hasara yake inazidi faida. Andika services.msc, itafute, weka «Type de démarrage» kuwa «Désactivé», anza upya, pima wiki moja. Pasipo tofauti, irudishe. Defender usiiguse. Duka la kuchapa linapokea fleshi za watu wasiojulikana kutwa nzima. Hakuna mashine inayohitaji mlinzi kuliko hiyo. Kama ndiye aliyeongoza kwenye orodha yako na ni prosesa anayoila, fungua PowerShell kama msimamizi uandike:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Kawaida ni 50. Ukaguzi wa ratiba utachukua muda mrefu zaidi lakini utabana prosesa kidogo.

Haya yote yatapunguza makali, Mama, hayatageuza diski ya kuzunguka kuwa kitu kingine. Pesa ya kwanza utakayoiweka kando iende kwenye SSD ya SATA ya inchi 2.5, giga 240 inatosha kwa Windows na Word, ile ya zamani ibaki ya kuhifadhia kazi za wateja. Pesa ya pili iongeze memori ifike giga 8. Na ukumbuke kwamba Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Usafi wa ndani unaendelea kama kawaida, ila viraka vya usalama haviji tena isipokuwa umeandikisha mashine kwenye mpango wa nyongeza, ambao kwa watu binafsi mwisho wake uliwekwa tarehe 13 Oktoba 2026.

Ninasoma chuo, ninaishi Kadutu. Nilinunua giga 2, nikaunganisha laptopu na simu yangu ili nitume kazi ya kurasa nne. Kabla sijamaliza, simu ikaniambia bando limekwisha. Zimekwenda wapi?
*Dada wa Kadutu*

Laptopu haijui kwamba upande wa pili kuna bando la kuhesabika. Inaona Wi-Fi, na Wi-Fi kwake ni mali ya bure. Sasisho kubwa la Windows hutoka kila Jumanne ya pili ya mwezi, kwa saa za Bukavu ni saa moja au saa mbili usiku kutegemea majira ya Marekani. Lina uzito wa mamia ya megabaiti, mara nyingine linavuka giga. Ukiunganisha Jumatano asubuhi, umeingia mtegoni mwenyewe.

Unganisha simu kama kawaida, kisha nenda «Paramètres», «Réseau et Internet», «Wi-Fi», fungua «Propriétés» za mtandao huo na uwashe «Connexion limitée». Kuanzia hapo Windows inaahirisha karibu masasisho yote, na OneDrive, hifadhi ya mafaili ya Microsoft mtandaoni, nayo husimama. Halafu kwenye Windows Update, «Options avancées», hakikisha ruhusa ya kupakua kupitia «connexions limitées» imezimwa. Wengi wanachosahau ni kwamba mpangilio huu unafuata jina la mtandao: ukibadilisha jina la hotspot, au ukiazima simu ya mwenzako, laptopu inaanza upya kuamini kwamba ni bure.

Palepale kwenye «Options avancées» kuna «Optimisation de la distribution» (kwenye Windows 10 iko chini ya «Mise à jour et sécurité»). Hiyo hufanya kompyuta yako iwagawie wengine vipande vya masasisho. Ukikuta imeruhusiwa kugawa hadi kwenye Intaneti, irudishe kwenye vifaa vya mtandao wako wa ndani peke yake. Usiizime kabisa kama nyumbani mko na kompyuta mbili tatu, maana moja ikishapakua, nyingine zinaweza kuchukua kwake bila kugusa bando.

Ila usikae miezi bila sasisho, dada. Mara moja kwa mwezi, siku utakayopata mtandao usiopimwa, chuoni au kwa rafiki, chomeka chaja, fungua Windows Update na ubofye «Rechercher des mises à jour». Orodha ya virusi ya Defender ichukue mara nyingi zaidi, kwa mkono, kupitia «Sécurité Windows». Ukiichukua mara kwa mara vipande vyake huwa vidogo.

Na simu ya jirani uliyeigawia hotspot yako? Nayo inaona Wi-Fi. Play Store iliyoambiwa isasishe programu kwa Wi-Fi peke yake itasasisha kwa pesa yako.

Betri ya laptopu yangu imekufa, inafanya kazi kwa chaja tu. Umeme ukikatika wakati imeandika isizimwe, mfumo hautaharibika?
*Msomaji wa Panzi*

Mara nyingi hapana. Windows inapojisasisha hutayarisha mafaili mapya pembeni na kuandika kila hatua kabla ya kuyabadilisha. Umeme ukikatika katikati, ukiwasha tena ama inaendelea pale ilipoishia, ama inarudi nyuma na kuandika kwamba inabatilisha mabadiliko. Kurudi nyuma kwenye diski ya kuzunguka kunaweza kuchukua saa nzima, na hapo ndipo watu wanapoua mashine zao: wanaona asilimia haisogei, wanabonyeza kitufe cha kuzima, wanarudia mara tatu. Taa ya diski ikiwa bado inapepesa, iache.

Kupanga upya diski nako hakuogopwi sana. Faili hunakiliwa kwanza mahali papya, ndipo anwani yake inapobadilishwa. Ukikatiza kabla ya hapo, nakala ya zamani bado ipo.

Hatari ya kweli ni mbili. Kwanza ni diski yenyewe, kwa sababu kukatiwa ghafla mara kwa mara huichosha, na umeme unaporudi kwa kishindo hudhuru chaja. Umeme ukikatika, chomoa; ukirudi, subiri dakika chache utulie ndipo uchomeke. Pili ni sasisho la BIOS, ile programu ya kwenye ubao mama inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Hilo halina kurudi nyuma kwenye mashine nyingi, na likikatizwa unaweza kubaki na laptopu isiyowaka. Bila betri nzima, usiliguse kabisa. Siku hizi linaweza kuja kupitia Windows Update likiandikwa «firmware», basi soma orodha kabla ya kukubali kuanza upya.

Baada ya kukatikiwa, kama programu zinafunga zenyewe au masasisho yanakataa, fungua dirisha la amri kama msimamizi, ukiwa na intaneti, na uandike kwa mpangilio huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Ya kwanza hukarabati ghala la mafaili ya mfumo. Ya pili huchukua mafaili mazima kutoka ghala hilo na kuyaweka mahali pa yaliyoharibika. Ukizigeuza, ya pili inaweza kukosa pa kuchukua. DISM inaweza kukwama kwenye asilimia ileile kwa muda mrefu. Ivumilie.

Chumba chetu cha kompyuta hapa Bagira kina mashine kumi za Ubuntu (mfumo wa Linux, si Windows). Asubuhi zikiwashwa pamoja, intaneti inazimia. Tukijaribu kusakinisha kitu tunaambiwa «Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend». Mwenzangu hulifuta faili hilo la lock. Ni sawa?
*Mwalimu wa Bagira*

Si sawa, Mwalimu. Kufuli hiyo ina maana kwamba programu nyingine, mara nyingi unattended-upgrades, inasakinisha viraka wakati huohuo. Kuifuta kunaruhusu wawili waandike kwenye kitabu kimoja cha kumbukumbu, na mashine inabaki na vifurushi vilivyosakinishwa nusu. Subirini imalize. Pale palipokwisha kuharibika, andika «sudo dpkg --configure -a».

Chanzo ni kilekile cha duka la Nyawera, kwa sura ya Linux. Ubuntu ina vipima saa viwili: apt-daily.timer hupakua, apt-daily-upgrade.timer husakinisha. Vyote vimewekewa Persistent=true, maana yake saa iliyokosekana mashine ikiwa imezimwa hulipwa mara inapowashwa. Mashine kumi zinalipa deni pamoja.

Kwenye kila moja andika «sudo systemctl edit apt-daily.timer» na uweke:

[Timer]
OnCalendar=
OnCalendar=*-*-* 10:00
RandomizedDelaySec=20m
Persistent=false

Ule mstari wa OnCalendar ulio mtupu si kosa la chapa. Bila huo, saa mpya inaongezwa juu ya zile za zamani badala ya kuzifuta. Fanya vivyo hivyo kwa apt-daily-upgrade.timer, lakini 12:00, kisha hakikisha kwa «systemctl list-timers». Kama mnawasha siku za masomo tu, na saa nne asubuhi na saa sita mchana mashine ziko hewani, hamtapoteza kitu kwa kuondoa Persistent.

Kubana intaneti zaidi, chagueni mashine moja iwe ghala: sakinisha apt-cacher-ng, uipe anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10. Kwenye zile tisa tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/00proxy lenye mstari huu:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Kifurushi kitapakuliwa mara moja na kugawiwa tisa. Mashine ya ghala iwashwe kwanza kila asubuhi. Ikiwa imezimwa, zile nyingine hazitapata sasisho lolote.

Aliyeniuzia SSD ameniambia niipange upya kila wiki kwa programu aliyoniwekea.
*Msomaji wa Ibanda*

Iondoe programu hiyo. SSD haina kichwa kinachohama, kwa hiyo kupanga vipande hakuongezi kasi, kunaongeza uandishi unaokula maisha yake. Windows yenyewe, kila wiki, huitumia SSD ishara ya TRIM ya kuijulisha sehemu zilizoachwa wazi. Andika «fsutil behavior query DisableDeleteNotify»: ukijibiwa 0, TRIM imewashwa. Fungua pia «Défragmenter et optimiser les lecteurs» utazame aina iliyoandikwa mbele ya diski yako. Ikiwa SSD iko ndani ya kasha la USB, mara nyingine huandikwa kama diski ya kawaida. Hapo iondoe kwenye ratiba.

Nitajuaje kama feni inayopiga kelele ni usafi wa Windows au ni mdudu?
*Msomaji wa Muhumba*

Usafi una mwisho, na ukiguswa hupungua. Mashine inayochemka kila siku saa zote, hata ulipokwisha kuiachia mchana mzima kwenye umeme, ina neno jingine. Kuna wachimbaji wa sarafu za kidijitali wanaojificha kwa jina la svchost.exe, ambalo ni la programu halali ya Windows, na kunyamaza mara tu unapofungua «Gestionnaire des tâches». Feni ikitulia ghafla sekunde uliyoifungua na kurudi ulipoifunga, shuku. Bofya kulia kila jina linalotia shaka, chagua «Ouvrir l'emplacement du fichier»: svchost halisi inakaa C:\Windows\System32, au SysWOW64 kwa ile ya biti 32, si kwenye AppData wala Temp.

Kisha tazama orodha ya «Exclusions» ndani ya mipangilio ya Defender. Programu za kuvunja leseni za Windows na Office mara nyingi humwomba mtumiaji amwambie mlinzi asitazame folda fulani, na ruhusa hiyo inabaki milele. Ukikuta folda usiyoifahamu, itoe, halafu endesha ukaguzi wa nje ya mtandao, «hors ligne», kutoka «Options d'analyse». Unachukua kama dakika kumi na tano, mashine inaanza upya yenyewe, basi hifadhi kazi zako kwanza na uhakikishe chaja imechomekwa.